Jinsi ya kuchutama ukapumzika kweli, visigino vikiwa chini

Jamani hii itakuwa ndefu kidogo lakini someni mpaka mwisho, manake naona watu wengi hapa Mombasa, tena vijana, ukimwambia chutama hapo kivulini tungoje matatu anakaa kwa ncha za vidole, visigino viko juu, mapaja yanatetemeka, nusu dakika haijaisha ashainuka anajinyoosha analalamika magoti. Na nyanya yake huyo huyo yuko nyumbani Kisauni, amechutama uani anachambua mchicha, anapiga soga na jirani, hana habari. Ukimuuliza kijana atakwambia ah, hao wa zamani miili yao ilikuwa tofauti. Si kweli. Mtoto yeyote wa mwaka mmoja na nusu hebu mwangalie akiokota kitu, anashuka mpaka kitako kinakaribia sakafu, unyayo wote chini, na anacheza hapo hapo muda mrefu na hakuna aliyemfunza. Wewe pia ulikuwa hivyo. Kilichotokea ni miaka ya dawati, kochi, siti ya gari na viatu, miguu ikaacha kutumwa huko ikakaza. Kwa wengi wetu inarudi, ila inataka mpango na inataka subira.

Tuelewane mapema, hapa tunazungumzia kupumzika. Zile skwati za jimu za kushuka na kupanda huku unahesabu ni kazi nyingine, na mtu anaeza kuwa hodari wa zile na hii ikamshinda kabisa. Kuchutama kwa kupumzika ni hivi: unyayo wote umelala chini, paja limelala juu ya shavu la mguu, tumbo limepata nafasi katikati ya mapaja, pumzi inaingia na kutoka bila shida na unaeza kuongea na simu hapo hapo. Ukiwa bado umekaza meno hujafika. Kila hatua ntakayoandika inaelekea hapo tu, pa kuachia uzito ukae.

Na msidhani ni mambo ya kijijini. Miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Gordon Hewes, alikusanya habari za mikao ya watu wa dunia nzima akakadiria kwamba kama robo ya binadamu hupumzika na kufanya kazi wakiwa wamechutama chini kabisa. Na hapa kwa jirani zetu Tanzania kuna Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, David Raichlen na wenzake waliwavalisha vifaa vya kupima mwendo, utafiti ukatoka 2020, wakakuta hata hao wawindaji hukaa bila kutembea karibu masaa 10 kwa siku, yaani sawa tu na mtu wa ofisini! Lakini sehemu nzuri ya muda huo wanakuwa wamechutama ama wamepiga magoti, na misuli ya miguu ikipimwa inaonekana inafanya kazi kidogo kidogo wakati wote, ambapo ya mtu aliye kwenye kiti inakuwa karibu imezima. Hiyo kazi kidogo ndiyo mali. Unapumzika na miguu bado iko macho.

Tazama kwanza wanaojua

Kabla hujaanza nenda asubuhi mahali samaki wanapoteremshwa, kwa mfano Mji wa Kale karibu na bandari ya kale, ama sokoni popote mama karanga, wale wanaokaanga samaki wakauza, wanapopaa samaki, umtazame mmoja kwa adabu (msalimie kwanza, usimkodolee macho). Angalia miguu. Imepanuka zaidi ya mabega kidogo, vidole vimeelekea nje, kisigino kimekanyaga sawasawa hata ukitaka kupitisha karatasi chini yake haipiti. Magoti yako karibu na kwapa. Mikono iko huru kabisa, mmoja umeshika mkia wa samaki mwingine kisu, magamba yanaruka na yeye hata hatikisiki. Leso yake (yaani kanga) ameikusanya yote mbele akaibana katikati ya magoti isiloe.

Sasa usiondoke haraka, ngoja kidogo, hapa ndipo penye siri ambayo watu hawaioni. Hakai vile vile. Baada ya dakika chache anasogeza mguu mmoja mbele. Kisha anaangusha goti moja chini, kisha anarudi. Kisha anavuta kigoda anakalia, anamaliza samaki wawili watatu, anarudi kuchutama. Ukitazama kwa pupa utasema amechutama saa nzima, kumbe ndani ya hiyo saa amebadilisha mkao mara nyingi sana. Weka hilo kichwani tutalirudia kwenye muda.

Hatua ya kwanza, jipime

Vua viatu na soksi. Simama mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kiguse ukuta, kisha sukuma goti la mguu huo mbele mpaka liguse ukuta na kisigino kisiinuke hata kidogo. Likigusa, rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena, rudisha, jaribu, mpaka ufike mahali goti linagusa kwa shida na kisigino bado kiko chini. Hapo chukua rula upime kutoka kidole gumba mpaka ukutani. Ukipata sentimita 10 na zaidi kifundo chako cha mguu kiko sawa, tatizo lako ni mazoea tu. Ukipata 5 ama 6, basi kinachokuangusha ni kifundo na ndicho cha kushughulikia. Pima miguu yote miwili, mara nyingi haifanani, hasa kama mmoja uliwahi kuteguka ukicheza mpira. Andika namba mahali.

Kipimo cha pili, shika grili ya mlango kwa mikono miwili, rudi nyuma kidogo mpaka mikono inyooke, kisha shuka chini kabisa ukining'inia kwa mikono. Ukiweza kufika chini hivyo bila maumivu, magoti na nyonga hazina neno, yaani kinachokushinda ni kifundo na balansi. Ukishindwa hata kwa kushika, ama goti likichoma, hapo ni goti ama nyonga na usilazimishe, soma kule chini kwa wasiofaa kwanza.

Hatua ya pili, kifundo

Hapa ntakaa sana kwa sababu watu tisa kwa kumi wanaoniambia hawawezi, shida yao ni hii.

Mbona mtu akiweka visigino chini anaanguka chali? Ili usianguke, uzito wa mwili wote lazima uwe juu ya unyayo. Ukishuka kitako kinakwenda nyuma, kwa hivyo magoti lazima yaende mbele kusawazisha. Magoti kwenda mbele maana yake ugoko ulale mbele, na ugoko haulali kama kifundo hakikunji. Kikikataa unabaki na njia mbili, unyanyue visigino ama uanguke nyuma. Wengi wanachagua kunyanyua visigino na huo ndio mkao wa vidole niliosema mwanzo, unachosha upesi kwa sababu shavu la mguu limeshika kazi wakati wote na unyayo uliogusa chini ni mdogo.

Kinachozuia mara nyingi ni shavu la mguu kwa nyuma. Kuna misuli miwili pale. Wa juu unapita nyuma ya goti, kwa hivyo goti likikunjwa huo unalegea wenyewe, hauna shida nao. Wa chini unaanzia chini ya goti ukashikana na kano la kisigino, huo haulegei hata ukunje goti vipi. Ndiyo maana lile zoezi la kusukuma ukuta mguu wa nyuma umenyooka, ambalo kila mtu alifunzwa shuleni, halisaidii sana hapa. Unatakiwa unyooshe goti likiwa limekunjwa.

Fanya hivi. Ule ule mkao wa kujipima ukutani, sogeza mguu mpaka pale panapokaza, sukuma goti mbele taratibu likielekea kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani, kisigino kimeganda chini. Shikilia kama sekunde 30 huku unapumua, legeza, rudia mara nne ama tano, kisha mguu wa pili. Unatakiwa usikie kuvutika nyuma, chini ya shavu. Wakati mzuri ni mwili ukiwa na joto, umetoka kuoga ama umetoka kutembea kutoka stegi. Kila siku, na usikimbize, kano linabadilika polepole kuliko msuli.

Wanaovaa viatu vya mchuchumio kazini kila siku, nyinyi ongezeni muda hapa. Mguu ukizoea kisigino kuwa juu miaka mingi msuli unafupika na kano linakuwa gumu, kwa hivyo ukifika nyumbani vua utembee peku sakafuni.

Kuna swali naulizwa na ndugu zangu wanaoswali, mimi magoti yangu yanakunja vizuri kwenye tahiyatu mara tano kwa siku, mbona kuchutama hapana? Jibu ni kwamba kikao kile kinakunja goti mpaka mwisho, ni kizuri mno kwa goti, lakini mguu unakuwa umelazwa nyuma ama umesimamishwa kwa vidole, ugoko haulali mbele juu ya unyayo. Kukunja miguu kwenye mkeka pia ni hivyo hivyo. Kwa hivyo magoti yako yashafika, umebakisha kifundo tu, na watu wa namna hii kwa kweli hufaulu mapema kuliko wengine.

Hatua ya tatu, leso chini ya visigino

Usingoje kifundo kilainike ndio uanze kuchutama. Chukua leso nzee, ikunje ikunje mpaka iwe na kimo cha sentimita 3 ama 4, iweke chini ya visigino vyote viwili. Kipande cha ubao kinafaa pia na hakididimii. Sasa shuka. Utaona ajabu, mtu aliyekuwa anaanguka anakaa! Kisigino kikiinuliwa kifundo hakilazimiki kukunja sana, ndio sababu hata viatu vya wanyanyua vyuma vimetengenezwa na kisigino kigumu cha juu.

Kisha kila baada ya wiki moja ama mbili punguza mkunjo mmoja wa leso. Ukipunguza ukaona unaanza kuanguka tena, rudisha, kaa nayo wiki nyingine. Hakuna mashindano.

Hatua ya nne, kushuka

Peku, mahali pakavu. Sio bafuni kwenye vigae vilivyolowa. Shika kitu kisichotoka, grili, nguzo ya baraza, meza nzito, kiti cha plastiki hapana. Panua miguu zaidi ya mabega kidogo, vidole vielekee nje kiasi, usinakili ya mwenzako, nyonga za watu hazifanani na wengine wanataka nje zaidi. Sikia sehemu tatu za unyayo zimekanyaga: chini ya kidole gumba, chini ya kidole cha mwisho, na kisigino. Magoti yafuate vidole vya miguu vilikoelekea, yakianza kuangukia ndani panua kidogo tena.

Halafu shuka polepole, na shuka mpaka mwisho. Hapa watu wanakosea sana kwa woga, wanafika nusu wanabaki hapo wananing'inia, na nusu ndiko kubaya kwenyewe, mapaja yanaungua na goti limebeba peke yake. Ukifika chini kabisa paja linakalia shavu la mguu na sehemu ya mzigo inapita hapo, goti linapunguziwa. Kuna mama mmoja mtaani kwetu anauza viazi karai jioni, nilimsikia akimfunza mtoto wa kaka yake:

"Shangazi, naanguka nyuma!"

"Huanguki mwanangu, shika meza. Umesimama njiani wewe. Teremka mpaka kitako kikose pa kwenda, halafu ndio unambie."

Yule kijana akateremka, akanyamaza. Akaanza kucheka mwenyewe.

Mgongo nao, acheni ule msemo wa jimu wa kunyoosha mgongo kama ubao. Huko mtu ana chuma mabegani. Hapa hujabeba kitu, kiuno kikijikunja kidogo ni sawa kabisa, tena wengi husikia raha kiunoni, hasa walioshinda kwenye kiti ama kwenye usukani wa tuktuk. Isipokuwa kama una diski iliyotoka ama maumivu yanashuka mguuni, wewe mwone daktari kwanza.

Hatua ya tano, kuachia mikono

Ukikaa vizuri kwa kushika, anza kulegeza, mikono miwili, kisha mmoja, kisha vidole viwili tu. Halafu tumia mtungi mdogo wa lita 5 uliojaa maji, hiyo ni kilo 5. Uushike kwa mikono miwili mbele yako karibu na sakafu, uzito ule mbele unakusawazisha kwa kile kitako kilichokwenda nyuma, unajikuta umekaa bila kushika ukuta. Siku zikienda mwaga maji kidogo kidogo mpaka unabaki na mtungi mtupu, kisha mikono mitupu uliyoinyoosha mbele, kisha mikono inarudi yenyewe inalala juu ya magoti.

Ukitaka kufungua nyonga ukiwa huko chini, kutanisha viganja mbele ya kifua, viwiko viwe ndani ya magoti, sukuma nje taratibu. Halafu egemea mguu mmoja, kisha mwingine, ukiyumba pole pole. Weka mkeka nyuma yako, ukianguka ni kitako tu kutoka kimo cha kigoda, hakuna kuumia.

Hatua ya sita, muda

Anza na sekunde 30, mara nyingi kwa siku. Dakika kumi kwa mpigo siku ya kwanza hapana, kesho hutashuka ngazi. Ichanganye na mambo yako: chai ikichemka, ukipiga mswaki, ukiongea na simu, ukiosha vyombo kwenye karai uani, ukichambua mchele kwenye ungo. Mtu anayefanya hivi hata hatafuti muda wa mazoezi, unapatikana wenyewe. Ukifika dakika mbili tatu mfululizo, umepumzika, unaongea, basi kwa matumizi ya kawaida imekutosha.

Sasa kumbukeni yule mama karanga anavyobadilisha. Kwa nje ya goti, chini kidogo, kuna neva inapita juu ya mfupa karibu sana na ngozi, na ukikunja goti muda mrefu inabanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Dalili ni ganzi na sisimizi juu ya unyayo. Ukisikia ganzi inuka, au angusha goti moja, usisubiri. Wachumaji wa stroberi wanaochutama masaa shambani wamewahi kupatwa na hali ya mguu kulegea mbele, wanashindwa kuinua vidole wakitembea, kwa sababu ya neva hiyo hiyo.

Na magoti? Naulizwa kila mara kama inaharibu magoti. Kuna utafiti wa Beijing uliotoka 2004, wazee waliokuwa wakichutama masaa mengi kila siku ujanani walionekana na ugonjwa wa kusagika kwa goti zaidi ya wenzao. Kwa hivyo sitawadanganya kwamba zaidi ndio bora. Masaa matatu kila siku miaka yote ni kitu kimoja, dakika chache chache zilizotawanyika kwenye siku ni kitu kingine, na mimi nawaelekeza hizo dakika chache.

Kuinuka

Watu hawafikirii kuinuka na ndiko wanakoanguka. Ukiinuka ghafla kutoka kule chini presha inashuka kwa muda mfupi, macho yanaingia giza. Kwa hivyo weka mikono juu ya magoti ama shika ukuta, vuta pumzi, inua kiuno kwanza, kaa hapo kidogo umeinama, kisha nyooka. Wanaokunywa dawa za presha hii kwenu ni lazima. Na Ramadhani alasiri, kwenye joto letu hili na maji mwilini hakuna, kila mtu ashike kitu akiinuka.

Kama kuinuka moja kwa moja ni kuzito, angusha goti moja chini, weka mkono kwenye goti la pili, sukuma. Ni njia safi tu.

Nguo na mahali

Jinzi ya kubana sahau, inakata nyuma ya goti na haikuachii ushuke. Dera ama buibui, likusanye lote mbele kabla hujashuka ulibane katikati ya magoti, ukishashuka ndio unakusanya utalikanyaga na utaanguka. Wanaume wa kikoi vivyo hivyo, vuta ncha mbele. Kanzu inyanyue kwa nyuma kidogo.

Pa kuchutama ni pengi, kivuli cha mwembe, ukingoni kule Mama Ngina jioni unakunywa kahawa tungu, foleni ya hospitali ambayo mabenchi yamejaa. Lakini kwenye umati wa feri pale Likoni hapana kabisa, milango ikifunguliwa watu wanasukumana na aliye chini haonekani.

Kuhusu choo niseme kwa ufupi. Kama nyumba yako ina choo cha kuchutama, ushapata mwalimu bure, usikimbilie kukibomoa. Mwaka 2003 mtafiti Dov Sikirov alipima watu 28, wakichutama walimaliza haja kwa wastani wa sekunde 51, wakikaa kwenye choo cha kiti ilikuwa sekunde 130, na walisema kuchutama kuliwataka wajikamue kidogo tu. Kuna msuli unaozunguka njia ya haja kubwa na kuivuta ikapinda, ukichutama unalegea na njia inanyooka zaidi. Kama una choo cha kukaa, kanyaga kigoda kifupi, magoti yapande juu ya kiuno, utapata sehemu ya faida hiyo. Wazee wa nyumba ambao hawawezi tena kuinuka, wao wawekewe cha kukaa na chuma cha kushika ukutani, msiwalazimishe.

Wasiofaa kwanza

Aliyewekewa goti ama nyonga ya bandia asijaribu bila ruhusa ya daktari wake. Goti lililovimba, linalokwama katikati ama linaloachia ghafla, liangaliwe kwanza. Aliyepasuliwa juzi, asubiri. Wajawazito, ulizeni kliniki yenu, na mkiruhusiwa iwe kwa kushika kitu kizito na mtu awe karibu. Mtu mzima ambaye hajashuka miaka mingi aanze na kigoda, akae na kuinuka, baadaye kibao cha mbuzi ya nazi ambacho ni kifupi zaidi, na hata akiishia hapo amefanya vizuri sana.

Maumivu nayo yanatofautiana. Msuli kuuma siku mbili kwenye paja na shavu, kawaida. Kuchoma ndani ya goti, ama goti kuvimba usiku, acha, pumzika wiki, ukirudi rudi na leso yenye mikunjo zaidi na muda mfupi.

Baada ya mwezi rudi ukutani na rula, pima tena, linganisha na ile namba uliyoandika. Wengi wataona nafasi imeongezeka. Kama haijaongezeka hata kidogo na kila ukikunja kifundo unasikia kubanwa kwa mbele, pale ugoko unapokutana na mguu, wala nyuma hakuvutiki, hapo huenda kinachozuia ni mfupa kwa mfupa, hasa kama uliwahi kuteguka vibaya ama kuvunjika. Mfupa haunyooshwi kwa kusukuma ukuta. Usiendelee kulazimisha. Bakia na ubao wako wa sentimita 3 chini ya visigino, utengeneze mmoja wa jikoni na mmoja wa uani, uchutame nao siku zote.